Meno ya Mwigizaji: Nani Anapewa Nafasi ya Kucheka?

Hebu jiulize swali la kijiweni kidogo. Kwa nini kwenye filamu zetu mganga wa kienyeji ana mapengo, mlevi ana meno ya kahawia, na mchumba aliyetoka mjini ana meno yote thelathini na mawili yanayong'aa kama sahani za harusi? Hakuna aliyekueleza chochote. Mhusika hajasema neno, amefungua mdomo kucheka tu, na wewe tayari umeshajua umpende au umwogope.

Wanachuo wenzangu, tunazungumza sana kuhusu sura, rangi ya ngozi na umbo la mwigizaji. Kwenye vimbweta vyetu mjadala wa nani ni mzuri kati ya waigizaji wa Bongo unaweza kumaliza mchana mzima. Meno hatuyataji, labda kwa sababu tunayaona sekunde chache chache tu. Lakini sekunde hizo zina uzito. Zinaamua mtu anapewa nafasi gani, anaitwa kwenye tangazo au haitwi, na wakati mwingine kama ataruhusiwa kabisa kusimama mbele ya watu.

Tuanze na kazi ya meno ambayo watu huisahau: kutamka. Waliosoma fonetiki ya Kiswahili mwaka wa kwanza wanalikumbuka lile jedwali la konsonanti tulilokariri usiku wa kuamkia jaribio. Sauti f na v ni za mdomo na meno: mdomo wa chini unagusa meno ya juu, hewa inapita kwa kubanwa. Sauti th na dh ni za meno kabisa, ncha ya ulimi inakaa pale pale kwenye meno. S na z tunaziweka kwenye ufizi, lakini hewa yake inaenda kugonga meno ya mbele, ndipo unapopata ule mluzi mwembamba. Sasa chukulia mtu hana meno mawili ya mbele ya juu, halafu mwambie aseme "fedha za thamani zimefichwa kisimani." Hewa inatoka ovyo, v inakaribia kuwa w, s inageuka upepo. Kama huamini, tafuta mtoto wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno ya utoto, mwombe ahesabu kuanzia thelathini. Atakufundisha vikwamizi bila ada.

Kwa sisi tunaosomea ualimu hiyo ni habari ya darasani. Kwa mwigizaji wa jukwaani ni ugali wake. Anasimama mara nyingi bila kipaza sauti, na aliyekaa safu ya mwisho amelipa kiingilio sawa na aliyekaa mbele. Mtu akiwekewa meno ya bandia hujikuta anajifunza upya sauti alizozijua tangu ana miaka mitatu, na njia inayofahamika ni ile ile ya kizamani: soma kwa sauti, polepole, kila siku, mpaka ulimi uzoee kuta mpya za nyumba yake.

Lakini kuna watu waliojenga jina kwa mdomo ambao watazamaji hawauoni. Ukiingia kibanda umiza chochote kati ya Chimala na Igawa, au popote pale Tanzania, utakuta filamu ya Kichina au ya Kihindi inaongea Kiswahili kwa sauti ya mtu mmoja. Lufufu ndiye aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo. Watu walinunua mkanda kwa sababu ni yeye aliyetafsiri, na wala hawakujali mwigizaji mkuu ni nani. Ana mwanya? Ana pengo? Hakuna mteja aliyeuliza. Michezo ya redio nayo ni hivyo hivyo. Nitarudi kwenye jambo hili baadaye, maana lilinisaidia darasani.

Kamera ndiyo iliyobadilisha mambo. Kwenye jukwaa, mtu wa safu ya kumi haoni jino lako. Kamera inalikuza hadi linakuwa kubwa kama tofali. Ndiyo maana Hollywood iliajiri madaktari wa meno mapema sana. Mwaka 1928 daktari wa Los Angeles, Charles Pincus, alianza kutengeneza vigamba vyembamba vya kubandika juu ya meno ya waigizaji kwa muda wa kupiga picha tu. Kazi ikiisha, vinabanduliwa. Shirley Temple, yule mtoto aliyekuwa nyota wa filamu Marekani miaka ya 1930, meno yake ya utoto yalipoanza kung'oka kama ya mtoto yeyote, Pincus alimtengenezea vya kuziba mapengo. Studio haikutaka akue mbele ya kamera. Clark Gable yeye aling'olewa karibu meno yote mwaka 1933, akiwa na miaka 32 tu, kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Mwanamume aliyewatia wazimu wanawake kwenye Gone with the Wind mwaka 1939 alikuwa anatabasamu kwa meno ya bandia. Wakati mwingine mtakapojilinganisha na nyota wa sinema kwenye kioo cha hosteli, mkumbuke hilo.

Huku kwetu, filamu za Bongo zilizoshamiri miaka ya 2000, enzi za Steven Kanumba na Vincent Kigosi, zilitengenezwa kwa pesa kidogo. Nyumba ya kuazima, watu wawili sebuleni wanagombana, kamera usoni muda wote. Hakuna helikopta ya kuangalia, kwa hiyo unaangalia mdomo. Hata kava za DVD zilikuwa sura tupu, kubwa kubwa, zimepangwa kama picha za wagombea. Halafu wizi wa kazi ulipowanyima waigizaji pesa ya mauzo, matangazo yakawa sehemu kubwa ya kipato. Na tangazo, iwe la laini ya simu, la sabuni au la benki, linauza tabasamu. Lupita Nyong'o alipata Oscar mwezi Machi 2014, na mwaka huo huo kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamchukua kuwa uso wake. Oscar alipewa kwa kipaji. Mkataba wa vipodozi, tuseme ukweli, hutolewa pia kwa kinachoonekana pale midomo inapofunguka.

Hata hivyo ni kosa kudhani kuwa meno mazuri siku zote ni mtaji na meno mabaya ni hasara. Meno ya mwigizaji ni kama nguo: yanavalika. Marlon Brando kwenye The Godfather ya mwaka 1972 alivalishwa kifaa maalumu mdomoni ili mashavu yavimbe na taya lining'inie kama la mzee. Jim Carrey kwenye Dumb and Dumber ya mwaka 1994 hakuvaa kitu, alivua. Ana jino lililomeguka zamani, likazibwa, akaliachia wazi kwa ajili ya filamu ile, na mhusika wake akawa mjinga kabla hajafanya ujinga wowote. Wachekeshaji wetu wanaijua siri hii bila kusoma chuo. Mtazame Joti anapogeuka bibi kizee. Kabla ya kanga na fimbo, mdomo ndio unaobadilika kwanza, midomo inaingia ndani kama ya kibogoyo na miaka hamsini inaongezeka papo hapo. Hiyo ni fundi.

Tatizo linaanza pale vazi linapogoma kuvuka. Mwigizaji mwenye mapengo ya kweli akichekesha vizuri filamu ya kwanza, ya pili ataitwa kuwa yule yule, na ya kumi pia. Wakimtaka wakili, watampigia mwingine. Jambo hili si la Bongo peke yake. Mwaka 2025 Mwingereza Aimee Lou Wood, mwenye meno ya mbele yaliyochomoza kidogo, alicheza kwenye tamthilia ya The White Lotus, na gumzo kubwa likawa meno yake kuliko uigizaji wake. Kipindi kimoja maarufu cha vichekesho Marekani kikamwigiza kwa meno makubwa ya bandia. Alisema hadharani kuwa hakupenda, na akaeleza kwamba aliombwa radhi. Fikiria: umefanya kazi miezi, dunia inajadili kato zako mbili.

Na wapo waliotazamwa kwa sababu ya meno bila kuchagua. Ota Benga, kijana kutoka Kongo ambaye meno yake yalichongwa makali kwa desturi ya kwao, alipelekwa kwenye maonyesho ya Saint Louis, Marekani, mwaka 1904. Wakamtangaza kuwa mla watu, na watazamaji walilipa senti tano kuona meno hayo. Mwaka 1906 akawekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye alipohamishiwa Lynchburg, Virginia, meno yale yale yalifunikwa ili afanane na watu wa huko. Alikufa kwa kujiua mwaka 1916. Huyo hakuwa mwigizaji, walimlazimisha kuwa. Lakini kila ninapoona filamu inayompa "mshenzi" wa Kiafrika meno yaliyochongoka, namkumbuka yeye.

Maana kwao, meno yale yalikuwa urembo. Hapa ndipo mambo yanapochanganya. Wamakonde nao walichonga meno. Wajaluo waling'oa sita ya chini, Wamasai mawili ya chini ya mbele, na aliyebaki nayo ndiye aliyeonekana hajakamilika. Waswahili tunasifia mwanya mpaka leo. Mtu akiwa na mwanya na vishimo vya mashavu, basi mashairi yanajiandika yenyewe. Kumbe huko Marekani mwanamitindo na mwigizaji Lauren Hutton aliambiwa auzibe mwanya wake, na kwa muda alikuwa anaujaza nta kabla ya kupigwa picha. Mwaka 1973 alisaini mkataba mkubwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon, na mwanya ukawa ndio alama yake. Angezaliwa Tanga asingenunua hiyo nta.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Ninaye rafiki anayesoma sanaa za maonyesho, mtoto wa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Anaigiza kuliko wengi ninaowajua. Meno yake yana madoa ya kahawia, ya mbele karibu yote. Alikwenda kwenye usaili wa tangazo, sitataja la nani, akasoma maneno yake vizuri, halafu mtu mmoja pale akamuuliza kama huwa anapiga mswaki. Akajibu ndiyo. Wakamwambia watampigia simu.

Anapiga mswaki mara mbili kwa siku kama wewe. Madoa yale hayakuletwa na uchafu, yaliletwa na maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kuanzia Meru na Kilimanjaro, ina floraidi nyingi, nayo inayeyuka kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa sababu vyanzo vingine havikuwepo, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kuna kijiji kule kinaitwa Maji ya Chai, na mtu wa Arusha akitaja jina hilo mwenzake anajua habari ya meno inafuata. Mtoto akinywa maji hayo kabla ya miaka minane, wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, gamba la jino linaumbika na kasoro. Linatoka likiwa na michirizi myeupe au madoa, na kadiri miaka inavyokwenda yanazidi kuwa kahawia. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande huongeza floraidi juu ya ile ya maji. Huwezi kuyasugua yakatoka, kwa sababu doa liko kwenye jino lenyewe. Kituo cha Ngurdoto, huko huko Arumeru, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi nzuri kabisa, ila haiwezi kurudi nyuma miaka ishirini na kumpa rafiki yangu maji mengine.

Kwa hiyo mtu wa usaili anapodhani anachagua usafi, kwa kweli anachagua kijiji. Watoto wa ukanda mzima wanaondolewa kwenye skrini kwa maji waliyokunywa wakiwa chekechea. Halafu sisi watazamaji tunajifunza kwamba meno ya kahawia ni ya walevi na wachawi, kwa kuwa hao ndio pekee wanaoruhusiwa kuwa nayo kwenye filamu.

Mwaka jana nilipelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari pande za Chimala. Kwa ambaye hajafika, Chimala ni mji wa barabarani wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Chini kuna mashamba ya mpunga ya Usangu, juu yake mlima umesimama kama ukuta, na barabara ya Matamba inaupanda kwa kona nyingi mpaka dereva mwenyewe anachoka kuzihesabu. Nilikuta kidato cha tatu wanajiandaa kuigiza Ngoswe ya Edwin Semzaba. Nafasi zilikuwa zimeshagawiwa kabla sijafika. Msichana mmoja alikuwa amekariri maneno yote ya Mazoea, yule binti anayemchanganya Ngoswe, lakini akapewa kuwa mama mtu mzima. Nilipouliza, darasa zima likacheka, na mmoja akajibu: "Ticha, Mazoea hawezi kuwa na pengo." Jino lake la mbele lilivunjika akiwa mdogo, alianguka na ndoo ya maji. Nikagundua kwamba binti yule hacheki bila kuweka kiganja mdomoni, na kwamba akisoma kwa sauti anainamia kitabu ili watu wasimwone. Alikuwa na miaka kumi na sita na tayari alikuwa anaigiza nafasi moja siku nzima.

Sikutoa hotuba. Nilikumbuka habari ya Lufufu, nikaomba kanga mbili kwa mama wa kantini, tukazifunga kwenye kamba mbele ya darasa. Nikawaambia wote wanaotaka kuwa Mazoea waende nyuma ya kanga, wasome ukurasa mmoja mmoja, mimi nitawaita kwa namba. Walikuwa watano. Darasa likapiga kura kwa karatasi. Namba nne ilishinda mbali sana, na mnajua ni nani. Wavulana wawili walinung'unika kidogo, basi, yakaisha. Kwenye v na f alikuwa anateleza, tukafanya mazoezi ya dakika kumi kila siku: "vifaa vya wavuvi vimefika," mara ishirini, mpaka majirani wa darasa la pili wakaanza kuimba pamoja naye. Siku ya maonyesho kulikuwa na sehemu moja ambapo Mazoea anacheka. Alicheka, na kiganja kilibaki chini.

Siwezi kuwaambia kwamba kila muongozaji afunge kanga. Filamu ni picha, na kamera haitaacha kuangalia midomo. Lakini kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa chuoni, duru ya kwanza ya usaili inaweza kabisa kufanyika hivyo, na haigharimu hata mia.

Kwa wale ambao tayari wameshaanza kuhangaika na meno yao, maneno machache. Acheni kusugua limau. Asidi yake inakula gamba la jino, na gamba likishaliwa halioti tena. Unabaki na jino la njano zaidi linalouma ukinywa maji baridi. Mkaa wa kusaga nao ni msasa. Vinia, yale magamba ya kudumu siyo ya Pincus ya kubandua jioni, kwa kawaida huhitaji jino lako lichongwe kwanza, na likishachongwa hakuna kurudi, kwa hiyo si kitu cha kuamua siku bumu limeingia. Madoa ya floraidi yana tiba zake, lakini ni daktari wa meno anayeweza kukwambia kama ya kwako ni ya juu juu au yameingia ndani. Nenda hospitali, siyo kwa mtu wa saluni mwenye brashi na chupa isiyo na jina.

Na mkitaka pengo la jukwaani, kwa ajili ya babu au bibi kwenye mchezo wenu, iko rangi nyeusi maalumu ya meno inayouzwa pamoja na vipodozi vya maigizo, na ikikosekana nta laini iliyotiwa weusi wa kula inafaa. Msitumie kalamu ya maka, mwaka jana tulimwona mtu aliyefanya hivyo na alikwenda na ulimi wa bluu kwenye prizentesheni Jumatatu. Futa jino kwa kitambaa mpaka likauke kabisa kabla ya kupaka, la sivyo mate yataondoa rangi kwenye mstari wa tatu na babu ataota jino mbele ya watazamaji.